Tumbo Lipi?

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na jina likamkaa. Alikuwa dobi kwa miaka ishirini na sita. Chumba cha mbele alipokelea nguo, chumba cha kati alipigia pasi, na uani palikuwa na makarai matano, pipa la maji na kamba nne za kuanikia. Jua likitoka, lilimkuta povu limeshamfika viwikoni.

Kazi yake aliijua. Doa la wino alilitambua kwa rangi, doa la mafuta kwa harufu. "Uchafu ukiniona mimi," alipenda kusema, "unaomba njia."

Jirani yake, mwanamke muuza mboga, alimtania kila alipopita na beseni lake. "Mama Povu, wewe siku ukifa utaamka uangalie kama sanda imesuuzwa vizuri."

"Nitaamka, ndiyo. Na nikikuta doa nitakuita wewe. Mikono yako ina udongo tangu mwaka jana."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike. Jina la kwenye cheti halikutumika nyumbani. Walimwita Kifungo. Alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja. Mama yake alikisubiri siku mbili, akakipata, akakiosha mara saba, akakishona kilipotoka. Mwenye koti hajaambiwa mpaka leo.

Kifungo alikua akipenda nguo, ila si kuzifua. Alipenda kuzishona. Akaenda kujifunza kwa fundi cherehani wa pale kwenye kona, mama mtu mzima mwenye miwani mizito. Baada ya mwaka mmoja tu, wateja walianza kusema, "Matundu ya vifungo anishonee yule binti." Fundi hakukasirika. Alisema mkono kama ule haufundishwi, mtu huzaliwa nao.

Mambo yaliharibika polepole. Na kusema kweli, Mama Povu alikuwa na mkono wake humo ndani.

Ilianza alasiri moja, mama na binti wakikunja mashuka. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja hushika kona mbili, wanavuta, halafu wanatembea mpaka wakutane katikati. Kifungo alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Mama."

"Vuta kona yako, linapinda."

"Mama, naungua."

"Umeshika pasi?"

"Hapana. Huku chini."

Mama Povu alisimama na kona zake mkononi. Alitazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na aliyekuwa akipita ni paka. Akaenda akaufunga hata hivyo.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili huu. Ni kama mtu amenipaka pilipili. Nikikaa inazidi. Hata chupi ikigusa tu..."

"Shii. Mambo hayo hayasemwi."

"Nakuambia wewe tu, mama."

"Nimesikia. Ni usafi tu huo. Oga vizuri."

"Naoga mara mbili kwa siku."

"Basi oga mara tatu."

Ndivyo alivyojua yeye. Kwake, kila kibaya kilikuwa doa, na doa dawa yake ni sabuni. Akampa binti yake sabuni kali ya kuua vijidudu. Akamchemshia maji ya chumvi. Kwenye maji ya kuoga akadondosha matone ya ile dawa ya kusafishia sakafu, machache, kwa kipimo chake mwenyewe. Chupi za Kifungo alizifua kwa mkono wake, akazilowesha kwenye dawa ya kung'arishia mashati meupe, kisha akazianika chini ya shuka ili wapita njia wasizione. Huko chini ya shuka hazikupata jua wala upepo.

"Mama, inawasha zaidi," alisema Kifungo.

"Dawa ikiwasha ujue inafanya kazi."

Lo, maneno hayo. Siku hizi akiyakumbuka hufumba macho.

Usafi uliposhindwa, alimpeleka zahanati. Waliingia pamoja. Tabibu alikuwa mzee mwenye haraka, na nje foleni ilikuwa ndefu. Alishika kalamu bila kuinua kichwa.

"Tatizo?"

Kifungo alifungua mdomo, lakini mama yake alimtangulia.

"Tumbo," alisema Mama Povu.

Lilimtoka haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Hata hakuona kwamba amesema uongo. Tumbo ni jirani wa pale, alijiambia. Kupiga hodi kwa jirani si kosa, ujumbe utafika. Tabibu alimlaza binti kitandani, akambonyeza juu ya kitovu, akambonyeza chini ya kitovu.

"Hapa panauma?"

Kifungo alimtazama mama yake. Mama yake alitazama kalenda ukutani.

"Ndiyo," alisema Kifungo.

Wakapewa dawa ya tumbo.

Tumbo hilo liliwapeleka zahanati mara tisa katika miaka mitatu. Lilipewa dawa ya minyoo, likapewa dawa ya vidonda vya tumbo, likapimwa mkojo, likapimwa choo, likapewa vidonge vya kila rangi. Kila karatasi ya vipimo ilirudi safi. Mama Povu alifurahia karatasi safi kama anavyofurahia shuka safi.

"Si unaona? Huna kitu," alimwambia binti yake.

Kifungo alisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Baada ya muda aliacha kusema. Akaacha na cherehani. Kwa fundi alisema ni mgongo. Akaanza kumsaidia mama yake kupiga pasi, kwa sababu pasi hupigwa mtu akiwa amesimama. Mama Povu alinong'ona kwa muuza mboga kwamba binti wa siku hizi huchagua kazi.

Mwaka wa tatu, fundi cherehani alikuja mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa amevua miwani, anaisugua kwa upindo wa gauni.

"Mama Povu, macho yangu yananiaga. Namtafuta wa kukaa kwenye kiti changu. Watu wapo, lakini ninayemtaka ni Kifungo. Nitamngoja mpaka mwisho wa mwezi."

Mama Povu alimshukuru mpaka akamchosha. Fundi alipogeuka tu, aliingia chumba cha kati.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Siwezi."

"Huwezi nini? Bahati imekuja kwa miguu yake, imepiga hodi, wewe unasema huwezi? Asiyesikia la mkuu..."

"Siwezi kukaa!"

Kifungo hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliisimamisha pasi pembeni isije ikaunguza shati la mtu, ndipo akaendelea kwa sauti ya chini.

"Unaniona nikila nimesimama mlangoni. Unadhani naangalia nini huko nje? Kiti kinaniunguza, mama. Miaka mitatu sasa. Nilikuambia siku ile ya mashuka."

Mama Povu alikumbuka. Kweli, binti yake alikula amesimama, na sahani mkononi, tangu siku nyingi. Alikuwa akimwona. Hakuwa amemwangalia.

"Kesho tunakwenda zahanati," alisema.

"Kwa tumbo?"

Mama Povu alichukua pasi, akamalizia lile shati yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata tabibu alikuwa likizo. Kwenye meza yake alikaa nesi mgeni, mwembamba, mwenye sauti ndogo.

"Shikamoo, mama. Karibuni. Nani mgonjwa?"

"Marahaba. Ni huyu binti yangu," alisema Mama Povu. Alikuwa ameahidi moyoni kusema ukweli. Njia nzima alikuwa anaupanga. Lakini ulimi una njia yake uliyoizoea. "Ana tumbo."

Nesi alifungua faili, akageuza karatasi moja moja.

"Naona tumbo hili limekuja hapa mara tisa." Akamgeukia Kifungo. "Karibu ukae, dada."

"Nitasimama tu, asante."

Nesi aliweka kalamu mezani. Alimtazama Kifungo, akakitazama kiti, akamtazama tena Kifungo.

"Tumbo lipi?" aliuliza.

Mama Povu alicheka. "Mwanangu, kwani mtu ana matumbo mangapi?"

"Mimi nimekutana na mengi, mama. Kuna tumbo la chakula. Kuna tumbo la uzazi. Na kuna tumbo la aibu. Hilo la mwisho limekaa chini kabisa, na halisikii vidonge." Alisimama, akafungua mlango taratibu. "Naomba utusubiri nje kidogo. Binti ni mtu mzima."

Mama Povu alikaa kwenye benchi la nje. Alimzaa huyo binti. Alimwogesha, alimfunga nepi, leo ametolewa nje na msichana ambaye angeweza kumzaa pia. Alihesabu madoa ya ukutani ili asifikirie. Akafika thelathini na mbili. Ndipo akasikia sauti ya mwanawe kupitia mlango. Maneno hayakusikika, lakini sauti ilikwenda, ikaendelea, haikukatwa na mtu. Kwa miaka mitatu hakumsikia akisema maneno mengi hivyo. Kisha akamsikia akilia. Baadaye kidogo akamsikia akicheka. Kicheko kilimuuma zaidi. Mgeni alikuwa amempa binti yake, kwa nusu saa, kitu ambacho yeye alimnyima.

Mlango ulifunguliwa.

"Karibu, mama. Ameniruhusu nikueleze," alisema nesi. "Kwanza tuite kitu kwa jina lake. Njia ya ndani inaitwa uke. Sehemu ya nje, yale mashavu na mlango wenyewe, wataalamu huiita vulva. Ni mwili tu, kama kiwiko."

Mama Povu alitazama dirisha. Hakuwahi kusikia kiwiko kikichanganywa na mambo hayo.

"Nimemwangalia. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe, ngozi haijabadilika rangi. Nimegusa kidogo kidogo kwa kijiti cha pamba. Pembeni haumwi. Nilipogusa mlangoni aliruka, na ni pamba tu. Nimechukua vipimo nivipeleke hospitali. Tutaangalia fangasi, tutaangalia na magonjwa ya zinaa. Hilo la pili tunampima kila mtu, simtuhumu mtu. Sasa niambie, huko nyumbani anaoga na nini?"

Hapo Mama Povu alikuwa kwenye uwanja wake. Alianza kwa sauti ya mwenye kazi.

"Sabuni ya kuua vijidudu. Na maji ya chumvi, ya moto." Nesi aliandika. "Na matone ya dawa ya sakafu, machache." Nesi aliacha kuandika. "Chupi nazilowesha kwenye dawa ya kung'arishia..." Sauti yake ilikuwa imepungua kwa kila alichokitaja. Cha mwisho hakikumaliziwa.

"Ukeni hakuoshwi kwa vitu hivyo," alisema nesi bila ukali. "Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani. Huku nje yanatosha maji matupu, ya vuguvugu au baridi. Kuanzia leo, sabuni zote za hapo mziache."

"Zote?"

"Zote, mama."

Kwa dobi, hiyo ilikuwa kama kuambiwa aache kupumua. Lakini aliitikia.

Baada ya siku kumi walirudi. Vipimo vilikuwa tayari. Hakuna fangasi. Hakuna ugonjwa wa zinaa. Hakuna maambukizo yoyote.

"Kwa hiyo hana kitu," alisema Mama Povu. Mazoea yana tabu.

"Ana maumivu, mama. Maumivu ni kitu. Karatasi inasema si fangasi na si maambukizo. Haijasema haumwi." Nesi aliuvuta mkono wa Mama Povu, akaonyesha kovu juu ya kifundo. "Hii ni pasi?"

"Pasi, ndiyo. Zamani."

"Siku ya pili yake ulipotia mkono kwenye maji ya vuguvugu, ilikuwaje?"

"Nililia kama mtoto."

"Maji yalikuwa yanaunguza?"

"Hapana. Ni mkono tu ulikuwa bado..." Mama Povu alilitazama kovu.

"Mkono ulikuwa bado una kelele. Pasi ilishaondoka, lakini mishipa ya fahamu iliendelea kupiga kelele. Katika wilaya hii wako wanawake wengi wenye maumivu ya namna hiyo pale mlangoni, miezi, hata miaka. Wengine huumia wakikaa. Wengine huumia wakikutana na waume zao, wakaambiwa hawawapendi. Vipimo vyao vyote ni safi. Hawadanganyi. Hawajarogwa. Si wachafu wala hawana tabia mbaya. Mishipa inalia, na mara nyingi pasi yenyewe hatuijui ilikuwa nini."

"Ni sabuni yangu," alisema Mama Povu. Hakuwa anauliza.

"Sijui, mama. Vitu vile huwasha, na huenda vilizidisha. Lakini mwanzo wake siujui, na sitakudanganya."

Mama Povu alikuwa amebeba hatia yake nzima kutoka nyumbani, akaifikisha mpaka mezani, na hakuna aliyeipokea. Alirudi nayo.

Nesi alimpa Kifungo karatasi na kalamu aandike mwenyewe. Avae chupi za pamba, zisizobana, na akilala asivae kabisa. Zifuliwe kwa sabuni kidogo isiyo na manukato, bila dawa ya kung'arisha, zisuuzwe mara tatu. Akitoka haja ndogo ajimwagie maji, ajikaushe kwa kugusa, asisugue. Pakiwaka sana aweke kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, barafu yenyewe asiiweke. Asinunue dawa za fangasi kwa kubahatisha, maana nazo huwasha.

"Na hospitali?" aliuliza Kifungo.

"Naandika barua. Yuko daktari wa wanawake. Anaweza kukupa dawa ya kupaka yenye ganzi, au vidonge vya kutuliza mishipa, kwa kipimo kidogo kinachopanda polepole. Yuko pia mtaalamu wa mazoezi. Mtu akiumia muda mrefu hukaza misuli ya nyonga bila kujua, kama unavyokunja ngumi. Atakufundisha kuilegeza. Haya yote huchukua miezi, dada. Sikuahidi kwamba itaisha yote. Wengi hupata nafuu. Ukiona kidonda, damu, uvimbe, uchafu unaonuka au ngozi kubadilika, usingoje tarehe, njoo siku hiyo hiyo."

Daktari wa hospitali alisema hayo hayo kwa maneno marefu zaidi. Kwenda na kurudi, kupangiwa siku, kupangiwa tena, mwezi ukaisha.

Mama Povu alikwenda kwa fundi cherehani peke yake. Kwenye kiti cha fundi alikuwa amekaa binti mwingine, anashona upindo kwa mwendo mzuri. Mashine haikusimama.

"Nilingoja, dada," alisema fundi. "Niliambiwa mgongo. Halafu nikaambiwa tumbo. Halafu sikuambiwa kitu. Nikajua hataki, anaona haya kuniambia."

"Alitaka."

"Sasa alikuwa anaumwa nini?"

Mama Povu alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na watu walikuwa wanapita. Safari hii hakuufunga.

"Anaumwa ukeni," alisema. "Pale mlangoni. Hana ugonjwa wa kuambukiza, ni mishipa. Hawezi kukaa."

Yule binti wa kwenye kiti alisimamisha mashine. Fundi alivua miwani, akaishika tu.

"Ungesema," alisema fundi. "Ningemngojea hata mwaka. Ningemwekea meza ndefu akate vitambaa amesimama. Ungesema, dada."

"Ningesema," alijibu Mama Povu.

Majuto ni mjukuu, wazee walisema, huja baadaye. Wa Mama Povu alikuja na kukaa, na hakuaga. Kiti kilikuwa kimekwenda. Ila fundi alikuwa na cherehani ya zamani, yenye gurudumu linalolia, imefunikwa gunia nyuma ya duka. Alimpa aichukue.

Cherehani iliwekwa kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Kifungo alijishonea mto wenye tundu katikati. Mama yake alipouona alisema ni tundu la kifungo kubwa kuliko yote aliyowahi kushona, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu walicheka pamoja.

Mwanzoni alikaa dakika kumi, akasimama. Kisha dakika kumi na tano. Kulikuwa na wiki nzuri. Kulikuwa na wiki mbaya pia, aliporudi kula amesimama mlangoni, na mama yake naye akachukua sahani yake akasimama pembeni. Mazoezi alifanya asubuhi, amelala chali, anavuta pumzi mpaka tumboni. Vidonge vya mwanzo vilimpa usingizi, daktari akavipunguza, kisha akavipandisha tena taratibu. Mwezi wa nane wa matibabu alishona shati zima kwa kukaa. Alisimama mara tatu tu katikati. Bado kulikuwa na moto, alisema, lakini sasa ni moto wa mkaa uliofunikwa majivu.

Kutoka kwenye vipande vya pamba alijishonea chupi pana, laini, zisizo na lastiki ya kubana. Mama Povu alizifua kwa sabuni kidogo. Alisuuza mara tatu, akaonja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi kuhakikisha hayana sabuni. Kisha akazianika kwenye kamba ya mbele, juani, bila shuka.

Muuza mboga alisimama na beseni lake. "Mama Povu, leo kuna bendera gani?"

"Za nchi yangu," alisema Mama Povu. "Pita."

Alasiri moja walikuwa wanakunja mashuka tena, mama kona mbili, binti kona mbili. Walivuta, wakaanza kutembea. Walipokutana katikati Mama Povu hakuziachia kona zake.

"Nisamehe, mwanangu."

"La sabuni hukulijua, mama. Nesi mwenyewe hajui."

"La sabuni sikulijua," alisema Mama Povu. "Na la tumbo?"

Kifungo alizichukua kona mikononi mwa mama yake. Alilikunja shuka mara moja, akalikunja mara ya pili, akalilaza juu ya mengine, akalipapasa likanyooka.

"La tumbo ulijua," alisema. "Siku ile nilikutazama. Ungenitazama na wewe, ningesema mwenyewe."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Mama Povu angejua la kufanya. Alifuta macho kwa kiganja, na kiganja kilikuwa bado na masalio ya sabuni ya asubuhi, basi macho yakawaka mpaka Kifungo akamletea maji.

"Maji matupu," alisema Kifungo, na kidogo akatabasamu. Kisha akachukua shuka jingine, akampa mama yake kona zake mbili.

Haikupita wiki, muuza mboga aliingia na mzigo wa nguo. Hakuwa na utani siku hiyo. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, ameegemea mguu mmoja.

"Kaa basi, jirani, nihesabu nguo," alisema Mama Povu, akamsogezea kiti.

"Acha tu. Nimechoka kukaa."

"Muuza mboga amechoka kukaa? Na jana sikukuona sokoni."

"Ni tumbo tu, Mama Povu. Litapita. Litakuwa la kula vibaya."

Mama Povu alikitazama kiti. Alimtazama jirani yake, jinsi alivyosimama, jinsi alivyotazama ukuta. Kwenye dirisha gurudumu la cherehani liliacha kulia. Kifungo alikuwa ameinua kichwa, anamtazama mama yake.

Safari hii Mama Povu hakutazama pembeni. Alifuta povu mikononi, akauegesha mlango, akaja akasimama karibu na jirani yake.

"Tumbo lipi, mdogo wangu?" aliuliza.